Mkono begani: kisa cha kutafsiri picha ya mapenzi Eastlands

Usuli

Kundi letu huonyesha picha Ijumaa jioni katika ukumbi wa mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Mtaa wenyewe siutaji, na wahusika nimewaondolea majina na mambo ya kuwatambulisha, maana wengi wao bado tunakutana dukani. Yatosha kujua kwamba zamani mtaa huo ulikuwa na familia nyingi za wafanyakazi wa reli, na kwamba mpaka leo ukikaa nje usiku unasikia honi ya treni.

Vifaa vyetu ni vichache: projekta moja, spika mbili za kuazima, shuka nyeupe na viti vya plastiki. Kiingilio ni shilingi 50. Sauti ya picha hupunguzwa, na kando ya shuka hukaa mfasiri na maikrofoni yake. Kwa Kenya, DJ Afro ndiye aliyeifanya sanaa hii ijulikane hadi vijijini. Uganda wenzake huitwa VJ. Asiyeizoea hudhani ni tafsiri mbovu, lakini ni usimulizi. Msimulizi humbatiza stelingi, yaani shujaa wa picha, jina la mtaani, humzomea adui, huonya kabla ya hatari, hujaza kila pengo. Watu hulipa ili wamsikie yeye kama wanavyolipa ili waione picha.

Mfasiri wetu, ambaye nitamwita Mfasiri tu, ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Mchana hutengeneza simu, jioni hutafsiri picha za mapigano za Hong Kong na za Kihindi. Ni hodari kweli. Nalisema hilo mapema kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu makosa yake, na makosa hayo yalizaliwa na uhodari wenyewe.

Kina mama wa mtaa ndio walioanza. Walichoka na ngumi kila Ijumaa, wakataka picha ya mapenzi. Mimi, niliyefundisha Kiswahili miaka mingi na ndiye mratibu wa kundi, nikapendekeza Brief Encounter. Niliipenda tangu ujana, na niliona kwamba watu waliokulia kando ya reli wangeielewa bila shida. Sikumuuliza Mfasiri. Hilo nitalirudia.

Picha yenyewe

Brief Encounter ilitoka Uingereza mwaka 1945, ikiongozwa na David Lean. Chanzo chake ni tamthilia fupi ya Noël Coward ya mwaka 1936. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na haifiki saa moja na nusu. Sehemu za stesheni zilipigwa Carnforth, Lancashire, vita vikiwa bado havijaisha, ingawa hadithi yenyewe ni ya kabla ya vita.

Laura Jesson, aliyeigizwa na Celia Johnson, ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Kila Alhamisi hupanda treni kwenda mjini, hununua vitu, hubadilisha kitabu cha maktaba, hutazama sinema, kisha hungoja treni ya kurudi katika mkahawa wa stesheni. Siku moja treni ya kasi inapita, chembe inamwingia jichoni, na daktari aitwaye Alec Harvey, yaani Trevor Howard, anaitoa kwa ncha ya leso. Alec naye ana mke na watoto. Alhamisi zinafuatana: chakula cha mchana, sinema, mashua ya kukodi, uongo wa kwanza kwa mume, uongo wa pili. Jioni moja wanajaribu kukutana kwenye nyumba ya rafiki yake Alec. Mwenye nyumba anarudi mapema, na Laura anatoroka kwa ngazi za nyuma kama mwizi, mvua ikimnyeshea. Hawajafika mbali kuliko busu, lakini aibu ya ngazi zile inatosha. Alec anakubali kazi Johannesburg, ambako ndugu yake anaishi na hospitali mpya inafunguliwa. Wanaagana.

Sasa lililo kubwa. Picha hii inaanzia mwishoni. Dakika za kwanza tunamwona mkagua tiketi akiingia mkahawani kumtania mama anayeuza chai. Pembeni wameketi mwanamume na mwanamke tusiowajua. Anaingia mwanamke mwingine, Dolly Messiter, rafiki mropokaji, anaketi nao bila kukaribishwa. Treni ya mwanamume inafika. Anasimama, anaweka mkono begani mwa yule mwanamke, anaubana kidogo, anaondoka. Basi. Mtazamaji haoni lolote la kumshtua. Kisha Laura anarudi nyumbani, mumewe Fred anajaza fumbo la maneno gazetini, redio inapiga koncheto ya pili ya piano ya mtunzi Rachmaninoff, na mke yule anaanza kumsimulia mumewe yote, kimoyomoyo, bila kufungua kinywa. Tunapitishwa Alhamisi zote hadi tunarudi kwenye meza ile ile, Dolly yule yule, mkono ule ule. Safari hii tunajua kwamba ndiyo kwaheri ya milele, na kwamba Dolly amewanyang'anya hata dakika zao za mwisho. Lean ameficha kilele cha picha yake mlangoni, mahali ambapo kila mtu anapita bila kutazama.

Usiku wa kwanza

Walikuja watu kama 60. Mfasiri alikuwa amepata maandishi ya mazungumzo adhuhuri ya siku ile ile, kutoka kwangu, na picha yenyewe alikuwa ameitazama mara moja kwenye simu huku akihudumia wateja.

Haikupita dakika ya tatu. "Watazamaji, muwaone hao wawili pale kwenye kona! Hao wanapendana, na leo ndio mwisho wao, jamaa anahama!" Ukumbi ukapiga makofi. Dolly alipoingia: "Huyu sasa ndiye adui. Mdaku wa mtaa!" Wakamzomea Dolly. Mkono ulipotua begani, Mfasiri akapaaza sauti, "Ameshika bega! Kwaheri ya kuonana!"

Kwa hiyo kilele kilikwisha kabla picha haijaanza. Aliwapa watu bure kile ambacho mwongozaji alikificha kwa zaidi ya saa nzima.

Kisha likaja tatizo la Laura. Sauti ya ndani ya Laura ndiyo uti wa mgongo wa picha. Anamwambia Fred "wewe", na Fred hasikii. Mfasiri aliigeuza kuwa habari za mtu wa tatu: "Huyu mama anawaza juu ya daktari wake." Mara chache alipojaribu kusema "mimi" kwa sauti yake nzito ya picha za kung'fu, vijana wa nyuma walicheka. Fred akabatizwa Bwege, jina ambalo lilishika mara moja. Kila alipotokea na gazeti lake, ukumbi uliitikia, "Bwege!"

Tulipofika pale Alec anapotaja Johannesburg, Mfasiri aliona nafasi na hakuiacha. "Daktari anakuja Nairobi!" Ukumbi ulilipuka. Mtu akapiga kelele, "Mwambie aanzie kliniki yetu, haina daktari!" Walicheka kwa muda mrefu, nami pia nilicheka, na tulipotulia Laura alikuwa tayari amekwisha kuambiwa kwamba hatamwona tena mtu huyo maisha yake yote. Hakuna aliyesikia.

Mkono uliporudi begani mara ya pili, watu wengine walikuwa wamesimama wakivaa majaketi. "Hiyo tumeiona," alisema mmoja. Fred akaweka gazeti, akamsogelea mkewe, na maneno yake ya mwisho, ambayo ndiyo mepesi na mazito kuliko yote katika picha, yalizamishwa na "Bwege! Bwege!"

Kwa hesabu ya kiingilio ulikuwa usiku mzuri. Wengi walituambia wamefurahi, na sina sababu ya kutowaamini. Lakini mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba, ambaye hakosi Ijumaa, alinisubiri mlangoni. "Mwalimu," akasema, "ulituambia ni picha ya mapenzi. Mimi nimeona watu watatu wajinga."

Sikulala vizuri.

Chai ya Jumapili

Jumapili tulikutana kwangu, watu watano, chai na mandazi. Nilikuwa nimejiandaa kulaumu. Mfasiri alinitangulia.

"Mwalimu, mimi nikinyamaza sekunde kumi, watu wanageuka kuangalia spika. Wanadhani stima imepotea. Halafu picha yenyewe hawafanyi kitu. Wanakunywa chai. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawa wanayaficha picha nzima. Nitasimulia nini?"

Tulibishana kwa muda, na ni katika kubishana ndipo nilipotambua kwamba amelieleza jambo vizuri kuliko mimi. Msemo ule ni wa kweli, na picha hii inategemea ukweli wake. Watu wawili wanabana kikohozi mbele ya muuza chai, mbele ya Dolly, mbele ya mume. Mtazamaji anakaa akisubiri kisikike. Msimulizi akikohoa kwa niaba yao, hakuna tena cha kusubiri.

Mzee wa Reli, mstaafu aliyefanya kazi ya ishara za treni kwa miaka mingi, alikuwa amenyamaza. Akaomba picha iwekwe tena, na Mfasiri asiseme. Tuliitazama kwenye kompyuta yangu. Mzee hakuwa anawatazama wapenzi, alikuwa anasikiliza. "Kila treni hapo ina kazi," akasema. "Sikiliza kengele. Ya mwanamume inaenda upande huu, ya mwanamke upande ule. Hawawezi kupanda moja hata wakitaka. Na ile isiyosimama, inayopita kama mshale, hiyo si ya abiria wa stesheni hiyo. Hiyo ni ya kuogopesha." Mimi nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuwa nimewahi kuzisikia treni. Usiku wa kwanza tulikuwa tumezipunguza pamoja na sauti nyingine zote, tukiwa na haraka ya kumpa nafasi msimulizi.

Maamuzi, na sababu zake

Tuliamua kuirudia picha baada ya majuma mawili, kwa nusu ya kiingilio.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuhusu mlango wa picha. Mfasiri angetafsiri utani wa mkagua tiketi na mama wa mkahawa kwa nguvu zake zote, kwa Sheng akitaka, maana sehemu hiyo ni ya kuchekesha na ndiyo kazi yake. Wale wawili wa kwenye kona asingewataja kabisa. Kichekesho hicho Lean amekiweka ili macho yako yawe kwa muuza chai. Kwa hiyo uhodari wa Mfasiri ungetumika kule kule unakotakiwa, kama pazia. Hili alilipenda. Alisema hajawahi kuambiwa achekeshe watu ili wasione.

Wa pili ulikuwa sauti ya Laura, na huu ulileta ugomvi. Mmoja wetu, dada anayefanya kazi katika duka la dawa, ana sauti ya chini, isiyo na haraka. Mimi nilitaka yeye amsemee Laura na Mfasiri asemee wengine wote. Mfasiri alipinga kwamba sauti mbili zitawachanganya watu, na kwamba hakuna ukumbi wa video wenye wafasiri wawili. Nadhani pia iliuma, na ilikuwa haki yake kuumia. Dada mwenyewe ndiye aliyemaliza maneno. Alisoma sentensi chache kutoka kwenye karatasi, akisema "Fred, mume wangu, wewe peke yako ndiye ningeweza kukuambia, na wewe peke yako ndiye siwezi." Mfasiri akaweka kikombe chini. "Haya," akasema. "Lakini Dolly ni wangu."

Wa tatu ulikuwa Fred. Jina la Bwege lilifutwa. Tulijiuliza adui wa picha hii ni nani, tukamkosa. Dolly ni mpweke anayetafuta mtu wa kuzungumza naye. Mwenye nyumba aliyerudi mapema amerudi kwake. Muuza chai anauza chai. Na Fred ni mtu mwema, na hapo ndipo msumari unapoingia: angekuwa mkatili, Laura angekuwa na pa kuuegemeza uamuzi wake. Tulikubaliana asisemwe kwa mzaha hata mara moja.

Maneno yake ya mwisho yalituchukua saa nzima. Kwa Kiingereza anamwambia mkewe kwamba alikuwa mbali sana, na anamshukuru kwa kurudi kwake. Usiku wa kwanza Mfasiri alikuwa amesema, "Asante kwa kurudi," kama unavyomwambia mtoto uliyemtuma sukari. Tulijaribu "asante umerudi", tukajaribu "karibu tena", ambayo ni ya dukani. Dada akasema, "Asante kwa kunirudia." Wote tulisikia tofauti. Kurudi ni kufika nyumbani, na Laura alifika nyumbani kila Alhamisi. Kunirudia ni jambo jingine. Hiyo -ni- moja inabeba swali zima la kama Fred alijua.

Fumbo la maneno nalo. Mapema katika picha Fred anamwuliza mkewe neno la herufi saba linalokosekana katika mstari wa shairi la Keats, na Laura anamjibu kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mahaba. Nilitaka "mahaba" kwa sababu lina harufu ya ushairi. Mfasiri alihesabu kwa vidole: sita. Akahesabu "mapenzi": saba. Alifurahi kama mtu aliyeokota noti. Nilimwachia, naye alikuwa sahihi, kwa sababu Fred anahesabu visanduku tu, na neno linalomchoma mkewe linatosha kwenye visanduku.

Johannesburg ikabaki Johannesburg. Kwa mkazi wa Nairobi, kusikia kwamba kimbilio la Mwingereza mwenye huzuni ni Afrika kunaleta tabasamu lenyewe, bila kuongezewa. Lakini Laura haoni Afrika, anaona umbali. Ukiileta Nairobi, umbali unakufa.

La mwisho, tuliweka alama mahali ambapo maikrofoni zote mbili zingezimwa na sauti ya picha kupandishwa: mkono wa kwanza, mkono wa pili, na kila treni. Mzee wa Reli alipewa kitasa cha sauti. Alikuja na daftari.

Usiku wa pili

Watu walikuwa kama 35. Waliokuja kwa kicheko hawakurudi, na hatukuwalaumu.

Utani wa mkahawani uliwashika. Mfasiri alikuwa katika ubora wake. Muuza chai wake alikuwa mama wa hotelini yeyote wa Landhies Road anayejifanya hataki kutaniwa. Dolly aliingia, mkono ukatua begani, maikrofoni zikiwa kimya, na hakuna aliyegeuka kutazama spika. Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta nikiwatazama watu badala ya picha. Hawakuona kitu. Ilikuwa kama tulivyotaka.

Sauti ya Dada ilipoingia kulikuwa na mnong'ono kidogo, kisha ukaisha. Nilijua tumefika mahali Laura alipopiga simu kumwomba rafiki yake amfichie uongo, kwa sababu mama wa Gikomba, aliyeketi safu ya pili, alifyonza meno. Hakuwa anamcheka. Alikuwa anamkemea, kama unavyomkemea mdogo wako.

Mtu mmoja aliuliza kwa sauti kwa nini hawaendi tu, wakaanze maisha mapya. Usiku wa kwanza Mfasiri alikuwa amelijibu swali hilo mwenyewe kwa somo refu kuhusu talaka Uingereza ya zamani. Somo lenyewe halikuwa la uongo: sheria ya mwaka 1937 ilipanua sababu za talaka zaidi ya uzinzi. Lakini hakuna anayelia kwa sababu ya sheria. Safari hii alinyamaza, na jibu likatoka kwa watu. "Waende wapi na watoto?" alisema mwanamke mmoja gizani. "Na yule mume amekosa nini?" akasema mwanamume. Mabishano yaliendelea kwa sauti ya chini sambamba na picha, na hatukuyazuia.

Kisha meza ile ile. Dolly alipotokea mlangoni mara ya pili, kabla hajafungua mdomo, ukumbi uliguna. Guno zito, la pamoja, kama la mechi timu inapokosa penalti. Walikuwa wamemtambua. Mfasiri alimwacha Dolly aropoke kwa kasi na uchangamfu ule ule wa mwanzo, neno kwa neno, na uchangamfu uliowachekesha mwanzoni sasa uliwakereketa. Kengele. Mzee akapandisha sauti ya treni. Mkono.

Hakuna aliyevaa jaketi.

Na Fred aliposema "asante kwa kunirudia", palikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia katika ukumbi ule wenye mabati.

Kilichotokea baadaye

Mlinzi alitaka kufunga, watu hawakutoka. Waligawanyika juu ya Fred. Mama wa Gikomba alishikilia kwamba alijua yote tangu mwanzo. "Mwanamume anayejaza gazeti hivyo ana anachokikwepa," alisema. Kijana mmoja akasema hajui lolote, ameona tu mkewe ana huzuni. Picha haisemi, na mimi nilipoombwa uamuzi nilikataa kuutoa. Mzee wa Reli alitaka kuzungumzia kengele lakini hakupata nafasi.

Fedha hazikufika theluthi moja ya za usiku wa kwanza, ukizingatia kiingilio kilichopunguzwa. Kwa kundi linaloazima spika, hilo si jambo dogo, na wawili kati yetu bado wanaona tulifanya anasa.

Uchambuzi

Chanzo cha kushindwa kwa usiku wa kwanza kilikuwa mimi kabla ya kuwa Mfasiri. Nilimpa msimulizi wa mapigano picha ya mapenzi kama unavyompa fundi wa viatu saa ya mkononi, kisha nikamkabidhi karatasi adhuhuri. Alitumia zana alizonazo: stelingi, adui, tahadhari, kelele. Katika picha za ngumi zana hizo zina mantiki, kwa sababu hatari iko nje, inaonekana, na msimulizi akionya anaongeza hamu. Katika Brief Encounter hatari iko ndani, na kuonya ni kuibomoa. Tungekaa naye Jumapili moja mapema, tungeokoa usiku mzima.

Jambo lililofaa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kwamba hatukumwondoa. Kulikuwa na pendekezo la kuweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha na kuachana na usimulizi. Ingekuwa nadhifu, lakini kichekesho cha mlangoni kingekufa, na kichekesho hicho kinahitaji mtu hai anayejua hotelini watu wanataniana vipi. Guno la Dolly lilitokana na Mfasiri. Aliwapa Dolly wa kupendeza, kisha akakataa kumbadilisha.

Sauti mbili nazo zilifaa, lakini si kwa sababu niliyodhani. Nilidhani watu wanahitaji sauti ya mwanamke. Nikiwasikiliza baadaye niligundua kwamba walichohitaji ni mtu asiyewasemesha wao. Mfasiri daima huongea na ukumbi. Dada aliongea na Fred, nasi tukawa tunasikia yasiyotuhusu. Mwenzetu mmoja aliyekulia Mombasa alisema ni kama taarabu: wimbo una mwenyewe, na wengine wote wamekaa wakikisia ni nani.

Tulipokosea mara ya pili

Kuna kosa tulilolifanya kwa sababu ya kukipenda kimya mno, na mpaka sasa linanisumbua.

Baada ya mkono wa pili, Alec akiwa amekwenda, Laura anasikia treni isiyosimama inakuja. Anainuka, anakimbilia ukingoni mwa jukwaa. Kamera inainama, taa za mabehewa zinampiga usoni moja baada ya nyingine. Treni inapita. Sauti yake ya ndani inaungama kwa Fred kwamba alikusudia kujirusha. Kwa kuwa tulikuwa tumeandika "kila treni, kimya", Dada hakuyasema maneno hayo. Mzee alipandisha sauti, ukumbi ukatetemeka, ikawa nzuri ajabu. Na watu kadhaa walitoka bila kujua kilichotokea. Mmoja alidhani alikuwa anamkimbilia Alec. Mwingine, binti wa miaka ishirini hivi, alidhani amekufa na kwamba yaliyofuata, Fred na gazeti lake, yalikuwa ndoto. Alikuja kuniuliza siku tatu baadaye, nikaona jinsi swali lilivyokuwa limemkalia.

Kanuni ya kunyamaza tuliitunga kwa ajili ya mkono, ambao hauna maneno kwenye picha yenyewe. Pale ukingoni Laura anazungumza. Kumnyamazisha palikuwa ni kumpora ungamo gumu kuliko yote aliyonayo.

Tunaandaa onyesho la tatu, katika ukumbi mwingine, na maneno hayo sasa yako kwenye karatasi ya Dada. Yameleta ubishi wake. Laura anasema angependa kusema kwamba ni kumfikiria Fred na watoto kulikomzuia, lakini haikuwa hivyo. Hakufikiria chochote, hakuwa na ujasiri tu. Mfasiri anataka sehemu ya watoto iondolewe. Anasema akina mama wa ukumbi watamchukia Laura dakika nne kabla ya mwisho, na tutakuwa tumepoteza kila tulichojenga. Dada amekataa. Amesema kama Laura anaweza kumwambia Fred uongo hata kimoyomoyo, basi hajarudi.

Sentensi imebaki. Mzee ameandika kwenye daftari lake kwamba atapunguza treni mabehewa mawili ya mwisho yakipita, ili isikike.